Nakala Haijui Kilichotokea

Kazi yake ilikuwa kuwauliza watu swali ambalo hakuna anayependa kuulizwa: "Mkipoteza, mnaweza kupoteza kiasi gani na bado mkaendelea?"

Aliliuliza akiwa amesimama, bega limeegemea fremu ya mlango, kwa sababu aligundua mapema kwamba ukikaa kitini watu hukuagizia chai na kukuzungusha. Alianzia ghorofa ya chini ya hospitali ya akina mama alikoajiriwa, akapanda chumba kwa chumba. Mtunza dawa alimkazia macho. "Nipoteze? Mimi? Hata kidonge sipotezi, dada. Andika hivyo hivyo." Akaandika: nakala kila saa. Mkuu wa jikoni alicheka mpaka kofia ikamvuka. "Nikipoteza orodha ya jana, nani atarudi kudai uji? Aliyekwisha kuunywa?" Akaandika: nakala mara moja kwa siku, inatosha. Msimamizi wa ofisi alimwambia arudi kesho, na kesho yake akamwambia vivyo hivyo, mpaka akaelewa kwamba kwa bwana yule hakipotei kitu kwa kuwa hakuna kinachofanyika.

Kompyuta zenyewe hazikuwamo hospitalini. Zamani zilijaza chumba kizima kando ya stoo, zikivuma na kutoa joto la kuanikia nguo, hadi siku bomba la juu lilipopasuka na kuziogesha zote. Baada ya hapo kila kitu kilihamishiwa kwenye wingu, kama wanavyosema. Si wingu la mvua. Ni majengo makubwa ya watu wengine, mbali, ambamo mashine moja ya chuma hubeba mashine nyingi zisizo na chuma, mashine pepe, kila moja ikijiona ndiyo mwenye nyumba. Mashine pepe huzaliwa kwa kubonyeza na hufa kwa kubonyeza. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa kupanga nakala zake: ipi inakiliwa, mara ngapi, nakala inawekwa wapi, na inaishi muda gani kabla ya kujifuta yenyewe. Mtu huyo alikuwa yeye, na wenzake walimwita Mama Bakapu.

Jina alilipewa kwa mzaha na jirani yake wa meza, kijibwana chembamba walichokiita Antena kwa sababu hakuna umbea uliompita hewani. Mama Bakapu alipobeba mimba, Antena alisimama katikati ya ofisi akapiga kengele ya kijiko kwenye kikombe. "Jamani, jina limempata mwenyewe! Sasa ndiyo tunaleta bakapu ya kweli!" Wote wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Baadaye, yalipotokea yaliyotokea, jina liliwakwama kooni. Wakaanza kumwita dada. Antena alijaribu "Mheshimiwa", likadoda. Mwishowe yeye mwenyewe aliwaambia, bila kuinua macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta, "Niiteni mlivyokuwa mnaniita. Mkibadilisha ndiyo mnanikumbusha."

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea: milango, vitanda, nondo za madirisha. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe pia. Kitu cha kwanza alichowatengenezea walipohamia pamoja kilikuwa meza ya chuma, nzito kama deni la ukoo, yenye pembe kali. Mwanamke aligonga nyonga kwenye meza ile mara zisizo na idadi.

"Fundi, meza hii itaniua."

"Meza haiui mtu. Ni wewe huangalii."

Hospitali ilikuwa na huduma ya kuwatumia wazazi ujumbe wa simu kila Jumatatu asubuhi. Mama alijiandikisha, baba pia akitaka, na fomu iliuliza mtoto anaitwaje nyumbani, ili ujumbe usiwe mkavu. Fundi aliandika "Bosi". Alipoulizwa, alisema hajaona mtu mwingine ambaye hata kazini hajafika na tayari ameshawapangia wengine saa za kulala. Basi kila Jumatatu simu mbili zililia nyumbani mle kwa pamoja. Mama Bosi, wiki hii Bosi ana ukubwa wa limau. Wiki hii chungwa. Wiki hii embe. Fundi alikwenda sokoni kununua tunda la wiki, akaliweka juu ya meza ya chuma, akalipima kwa futi yake ya kazini, akatangaza, "Mama Bosi, uongozi unakua." Wiki ya papai mke aligoma. "Mimi mwanangu simli." Fundi alilila peke yake, amesimama, akijifanya hana hatia.

Bosi alizaliwa kimya.

Ilikuwa katika hospitali ile ile, ghorofa chache tu chini ya meza yake ya kazi. Fundi alimbeba mwenyewe mpaka alikozikwa. Shangazi mtu alikuja nyumbani kabla mzazi hajaruhusiwa kutoka, akakusanya kila kitu: kadi ya kliniki, picha ya uchunguzi, soksi, shuka ya manjano, akavitia vyote kwenye mfuko na kuondoka navyo. "Kisichoonekana hakililiwi," alisema, kwa nia njema, na nia njema ikafunga mlango nyuma yake.

Kuanzia siku hiyo wawili hao waliishi kama watu waliobeba kioo kikubwa cha dirisha, kila mmoja ameshika upande wake, kila mmoja akiogopa kuyumba. Fundi aliacha kumwita Mama Bosi. Jina lingine hakulipata. Alimwita "sikia", alimwita "samahani", mara nyingine aligonga ukingo wa meza kwa kidole ili ageuke. Hakulia mbele yake, wala hakumtaja mtoto. Aliamka, akaenda kuwatengenezea watu madirisha, akarudi na harufu ya chuma kilichoungua. Mkewe alimtazama akila, na moyoni akafanya hesabu mbaya: huyu ameshasahau.

Huku kazini, muuguzi mkuu aliwawekea alama ya msiba kwenye huduma ya ujumbe, kama ilivyopasa, na Jumatatu zikanyamaza. Mtu akishawekewa alama hiyo, mstari wake hufutwa kabisa baada ya muda. Ni sheria ya faragha, na ni nzuri. Jina la Bosi halikubaki popote duniani.

Isipokuwa mahali pamoja.

Wakati wa kupanga, seva ya ujumbe ndiyo iliyokosa mwenyewe. Kila idara iliitazama kama mtoto wa jirani. Kwa hiyo alijibu swali lake mwenyewe: nakala kila siku, za kudumu kidogo; na kila mwezi, nakala moja ya kudumu mwaka. "Kwa nini mwaka?" aliuliza Mkuu wa kitengo, mzee mtaratibu aliyependa kujua sababu ya kila kitu. "Mimba ni miezi tisa, Mkuu," alijibu. "Iliyobaki ni ya kujikuna kichwa." Kikao kikacheka, mpango ukapita.

Kwa mpango huo alijua, kama wengine wanavyojua kaburi liko upande gani wa njia, kwamba katika orodha ya nakala kuna moja ambayo ndani yake Bosi bado anakuja. Kila asubuhi alikagua orodha, alama za vema za kijani moja baada ya nyingine, na jicho lake lilipofika pale lilipunguza mwendo. Hakuwahi kuigusa. Ilitosha kwamba ipo. Lakini nakala mpya huingia juu na za zamani husukumwa chini, na ile ilishuka mwezi baada ya mwezi, mpaka Jumatatu moja akaikuta mwisho kabisa wa orodha, na kando yake maneno mawili: itafutwa leo.

Kulikuwa na kisanduku cha kuzuia kufutwa. Mfumo ulitaka sababu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwanyima wengine, mtunza dawa aliwahi kumbembeleza amwekee nakala moja ya zamani, akamjibu kwa ukali, "Kaka, nakala si albamu ya familia. Muda ukiisha, iende." Sasa alikitia alama kisanduku kile, na kwenye sababu akaandika: zoezi la kurejesha.

Haukuwa uongo mtupu. Mpango wake wenyewe ulisema kwamba nakala ambayo haijawahi kurejeshwa si nakala, ni tumaini tu. Lazima mara kwa mara uchukue moja, uiamshe, uone kama inasimama kwa miguu yake. Na ulisema jambo la pili, ambalo aliwahi kumweleza Antena kwa mfano.

"Ukiiamsha, iamshie kwenye mtandao uliofungwa. Chumba kisicho na mlango."

"Kwani itakimbia?"

"Nakala haijui kilichotokea. Ni kama mtu aliyezimia katikati ya ugomvi. Akizinduka, anaendelea na tusi lake pale pale, hata kama wenzake walishapatana na kula pamoja."

"Basi mama mkwe wangu ni nakala," alisema Antena.

Mfumo wa kurejesha una tabia moja. Wenyewe hukuchagulia mtandao ule wa zamani wa mashine, ule wenye milango yote wazi, na ni juu yako kuubadilisha. Yeye huubadilisha kila mara, mkono unajua njia bila macho. Asubuhi hiyo mkono ulikuwa na haraka, macho yalikuwa yameshatangulia upande wa pili. Alibonyeza.

Mashine iliamka. Akaingia, akatafuta namba yake ya simu, na mstari ukatokea. Jina la nyumbani: Bosi. Baba: ndiyo. Hali: anatarajiwa.

Aliweka kidole kwenye kioo, chini ya neno lile la mwisho, kama mtoto anayejifunza kusoma. Hakufanya lolote zaidi. Alikaa tu, kama mtu anavyokaa kando ya kitanda cha aliyelala, bila haja ya mazungumzo.

Simu ikatetemeka ndani ya mkoba. Aliiacha. Ikatetemeka tena, akaitoa ili aizime, na akaona jina la hospitali.

*Mama Bosi, habari za Jumatatu! Bosi sasa huenda anasimama kwa kushika kiti au meza. Funika pembe kali asijiumize. Na usisahau kumpigia makofi!*

Kabla hajafika mwisho alishaelewa. Mashine ilizinduka, ikauliza leo ni lini, ikaambiwa. Haikushangaa. Ilitazama tarehe ambayo mtoto alitarajiwa, ikahesabu kwenda mbele, kwa kuwa hakuna aliyeiambia vinginevyo, na ikafanya kazi ya Jumatatu. Kwa muda wa kufumba na kufumbua ilikuwa imemzaa Bosi salama, imemnyonyesha, imemketisha, imemsimamisha.

Aliizima. Lakini ujumbe ulikwisha toka, kwa wote. Waliokuwa na watoto waliupata mara mbili, mmoja wa seva ya kweli na mmoja wa nakala, wakasema aah, hawa nao, wakaendelea na shughuli. Waliowekewa alama na muuguzi mkuu mwaka ule waliupata mara moja tu. Kosa lilikuwa limewachagua wao, mmoja mmoja, kwa majina yale ya nyumbani.

Mkuu alitoka chumbani kwake, simu ya muuguzi bado iko sikioni. "Nani ameamsha seva ya ujumbe?"

"Ni mimi, Mkuu."

Mkuu alishusha simu. "Imezimwa?"

"Imezimwa."

"Basi tuandike kuomba radhi. Lawama ina siku yake."

Walikuwa bado wanatafuta maneno Antena alipoingia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na habari asiyotaka kuitoa. "Mama Bakapu," alisema polepole. "Chini kuna mama. Muuguzi amemweleza, haambiliki."

Yule mama alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, mdogo kwa umri kuliko Mama Bakapu alivyotarajia, kilemba cha kijani kimefungwa kwa haraka, mfuko wa kitambaa magotini. Muuguzi mkuu alisimama kando yake mikono ikining'inia, mikono iliyopokea watoto wa nusu ya mji, haina la kufanya.

"Pole, dada," alisema Mama Bakapu, akaketi.

"Mnasema anasimama."

"Hapana, dada, ule ujumbe—"

"Umeusoma? Hebu usome." Akamwonyesha simu. *Mama Tone, habari za Jumatatu! Tone sasa huenda anasimama.* "Mimi sikuonyeshwa. Waliniambia afadhali nisione, nikasema sawa, wao ndio wanaojua. Leo hao hao wananiandikia amesimama." Alifungua mfuko, akatoa sweta dogo la sufu, akalinyoosha kwenye paja. "Nimekuja na hili. Labda halimwenei tena. Sikuwa na vipimo."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri foleni waligeuza nyuso ukutani.

"Si watu waliokuandikia," alisema Mama Bakapu. "Ni mashine. Nakala ya mashine ya mwaka jana. Haijui kilichotokea."

"Nani alitakiwa aiambie?"

"Haiambiki. Ilitakiwa iachwe ilale."

"Sasa nani aliyeiamsha?"

"Mimi."

Yule mama alimgeukia mwili mzima. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Hasira ingekuwa na pa kushikia. "Kwa nini?"

Lilikuwapo jibu tayari, lilikuwa limeandikwa hata kwenye mfumo: zoezi la kurejesha. Lilifika ulimini likarudi.

"Nilitaka kumwona wangu."

Yule mama aliiweka simu juu ya sweta.

"Ukamwona?"

"Niliona jina."

"Anaitwa nani?"

"Bosi."

"Bosi?" Mdomo wa yule mama ulicheza. "Mtoto wa watu mnamwita Bosi?"

"Ni baba yake."

"Wanaume!" alisema, na kicheko kikawatoka wote wawili, kicheko kibaya, kilichoanza kama kikohozi na kuishia kwenye machozi. Muuguzi mkuu akaenda kuangalia dirisha. Yule mama alijifuta uso kwa sweta, akaliona, akalikung'uta kana kwamba amelichafua.

"Wangu yumo? Humo ndani ya nakala yako?"

"Yumo."

"Anasimama?"

"Hapana. Ameandikwa anatarajiwa."

Alilitafuna neno lile. Kisha akaanza kulikunja sweta, mkono huu, mkono ule, mpaka likawa dogo la kuenea kiganjani. "Nyumbani kwangu mlango ukilia tu nashtuka," alisema. "Mwaka mzima. Nimechoka kutarajia, dada. Nimechoka mpaka mifupa. Nikijua kuna mahali bado anasubiriwa, mimi kwenye benchi hili siondoki, watanifagia na takataka." Akamshika kifundo cha mkono. "Izimeni kabisa. Niahidi."

Mama Bakapu alitazama vidole vile vilivyomshika. Alitamani kuomba siku moja. Siku moja tu, akae nayo imelala, asiiamshe, ajue ipo.

"Nakuahidi," alisema.

Juu, Mkuu alikuwa amekwisha kuona. "Ile nakala ina kizuizi," alisema. "Na sababu umeandika wewe."

"Ndiyo, Mkuu."

Mzee alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Alikuwa kwenye kikao kile walipocheka juu ya miezi tisa, na si mtu wa kushindwa hesabu. "Mpango ni wako, mwanangu," alisema. "Amua wewe." Akatoka, akamchukua na Antena, akafunga mlango taratibu kama mlango wa chumba cha mgonjwa.

Aliondoa kizuizi. Mfumo ukamuuliza kama ana uhakika, kisha, kwa kuwa hauamini binadamu, ukamtaka aandike jina la nakala lote, herufi kwa herufi. Yeye ndiye aliyeuweka utaratibu huo, ili mtu asifute kitu kwa mkono mwepesi. Aliandika. Mkono haukuwa mwepesi. Alibonyeza, na mstari ukatoweka bila kishindo, na orodha ikaishia kwenye mwezi uliofuata, mwezi ambao ndani yake hapakuwa na mtu.

Ujumbe wa kuomba radhi ulitumwa mchana. Mkuu ndiye aliyeuandika, na aliandika vizuri, bila maneno makubwa. Njiani kurudi nyumbani Mama Bakapu alikuwa akijipangia jinsi ya kusema, au kama atasema. Alikuwa amevuka barabara, ameshafika kwenye duka la kona, alipoliona tena lile neno dogo lililokuwa katikati ya mstari, ambalo siku nzima hakulipa uzito. Baba: ndiyo.

Alisikia kabla ya kuona. Kutoka ndani ya nyumba yao, jua likiwa bado juu ya mapaa, ilikuwa ikitoka sauti ya tupa kwenye chuma: kwenda, kurudi, kwenda, kurudi.

Fundi alikuwa amesogeza meza mpaka mlangoni kwenye mwanga. Alikuwa amepiga magoti mbele yake na nguo zake za kazi, akiisugua pembe kwa tupa ya mkono, wakati karakanani alikuwa na mashine ambayo ingemaliza kazi ile kwa pumzi moja. Pembe mbili zilikuwa zimeshakuwa laini, mviringo kama goti. Ya tatu ilikaribia. Unga wa chuma ulikuwa umelala sakafuni na kwenye nyusi zake. Simu iliwekwa kwenye kiti, uso juu.

"Umewahi leo," alisema mkewe.

"Nilifunga. Wenye madirisha nimewaambia wasubiri."

"Fundi."

"Najua." Hakuacha. "Usidhani nimerukwa na akili. Najua, nilimbeba mimi. Baadaye wameandika tena kwamba ni makosa, tusamehe. Hiyo pia nimesoma." Tupa ilikwenda, ikarudi. "Lakini mtu akikwambia pembe ni kali, na kweli ni kali..."

Mkewe alikaa chini, pale pale kwenye unga wa chuma, na sketi yake ya kazini, akamwambia yote: nakala, kizuizi, mtandao ulioachwa wazi, kidole kwenye kioo. Kwa muda wote huo Fundi hakumtazama, lakini tupa ilipunguza mwendo, kama mtu anayepita nyumba yenye mgonjwa. Aliposimulia lile sweta, ilisimama kabisa.

"Kwa hiyo muda wote ilikuwa inamhesabia," alisema.

"Hapana. Ilikuwa imelala. Ilipoamka ndipo ikahesabu."

"Ikamhesabia mpaka akasimama." Alifuta pua kwa nyuma ya mkono, ikabaki alama nyeusi. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka, na kile ambacho mkewe alidhani hakipo kikatoka, bila sauti, kwa muda mrefu, matone yakichora njia kwenye vumbi la chuma la mashavu yake. Hakujificha. Alilia kama alivyofanya kazi, kwa utaratibu, mpaka akamaliza.

"Jumatatu ijayo ingesema nini?" aliuliza.

Mkewe alizijua jumbe zote kwa moyo. Alizijaribu moja moja huduma ilipoanzishwa. "Kwamba huenda akatamka neno lake la kwanza."

"Neno gani?"

"Haisemi. Inasema tu msikilize."

Fundi alitikisa kichwa, kama mtu anayepokea agizo la kazi. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndani yake palikuwa na kitu ambacho mkewe hakuwa amekiona tangu siku za matunda.

"Tungoje basi hiyo Jumatatu, Mama Bosi," alisema. "Mara moja tu. Halafu uizime."

Mwaka mzima hakuwa amelisikia jina hilo kinywani mwake. Alishika mguu wa meza.

"Nimeshaifuta."

"Umeifuta."

"Leo mchana. Nilimwahidi yule mama."

"Yote?"

"Yote."

Fundi alimtazama kwa imani ile ya watu wa mtaani wanaoamini kwamba mwenye ufundi wake hakosi njia ya nyuma. "Lakini wewe si ndiye mwenye kazi hiyo? Na nakala yake?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa nakala, Fundi."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira, mmoja akilia kwamba ameonewa. Fundi alipitisha kidole gumba kwenye pembe ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, taratibu, kama anayetafuta mahali palipobaki pakali. Hapakuwapo. Akatambaa kwa magoti hadi ya nne, ambayo ilikuwa bado kama alivyoichomelea siku ya kwanza, akaitazama muda mrefu bila kuigusa. Mkewe alidhani ataiacha.

Akaokota tupa. Mkewe akaenda upande wa pili, akaishika meza kwa mikono miwili isitikisike.